Mahali pa Kutua

Desemba yetu ya kwanza Aberdeen, jua lilikuwa likitua saa tisa na nusu alasiri. Nilimpigia mama simu nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa huko saa moja huwa ni saa ngapi?"

Lilikuwa swali la haki. Kwetu Kitaji, Musoma mjini, saa inahesabiwa kwa jua, na jua la kwetu ni la kuaminika. Mwaka mzima linachomoza kabla kidogo ya saa moja asubuhi na kuzama karibu na saa moja jioni. Anayetaja saa moja anataja mwanzo wa kitu. Aberdeen iko nyuzi 57 kaskazini ya Ikweta. Mwezi wa kumi na mbili jua linachomoza saa tatu kasoro robo, watoto wakiwa tayari njiani kwenda shule, wamevaa makoti yenye mistari inayong'aa ili madereva wawaone. Mwezi wa sita linazama saa nne usiku, na mtoto wa miaka mitano anakukatalia kulala kwa hoja usiyoweza kuipinga: bado mchana.

Nimeanza na kutua kwa jua kwa sababu neno lenyewe limenikaa kichwani. Jua linatua, ndege anatua, mchukuzi anatua mzigo, na humo humo ndimo tunamopata kutulia. Mtu hatulii kabla hajatua. Tuliondoka Musoma Novemba 2022, binti yetu akiwa na miaka mitatu na miezi mitatu, na tangu siku ile swali la nyumbani kwetu limekuwa hilo moja: tutue wapi? Sisi watu wazima tulilijibu kwa kalamu na karatasi. Mtoto alilijibu kwa mwili wake, na ilituchukua muda mrefu mno kumsikiliza.

Lipo pia neno kuhama. Anayehama anaacha; anayehamia anakwenda kukaa. Tofauti ni sauti moja tu, lakini nimeona familia nyingi zilizohama na hazijahamia popote. Wamefika miaka sita iliyopita, na mabegi makubwa yangali juu ya kabati na vitu ndani yake. Kisha kuna kuhamishwa, na hilo ndilo neno la mtoto. Mtoto hahami. Anaamka asubuhi moja, anavalishwa soksi mbili mbili, anabebwa, na jioni bibi yake hayupo. Mahali palipoachwa panaitwa mahame. Butiama, pale alipozikwa Mwalimu Nyerere, panaitwa Mwitongo, na masikioni mwetu watu wa Mara jina hilo linasema mji wa zamani, mahali watu walipokwisha kukaa. Hapa ninaposema mji sisemi Musoma wala Bunda. Kwetu mji ni boma la mtu: nyumba zake, watoto wake, mifugo yake, na makaburi yaliyo pembeni. Mji unajengwa, na mji unahama.

Bibi mzaa mama alihamishwa pamoja na mji wake. Mwishoni mwa 1973 Serikali iliagiza kwamba hadi kufikia mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wamekwisha kuingia vijijini, na Operesheni Vijiji ilipofika kwao Majita, bibi aliambiwa aezue paa lake mwenyewe, abebe miti na milango, akajenge upya mahali palipopimwa kwa kamba kando ya barabara. Alikuwa na mama yangu wa miaka tisa, na mama mdogo mgongoni, bado ananyonya. Alipoonyeshwa kiwanja chake alikikataa. Udongo haukuwa mbaya na maji hayakuwa mbali kuliko kwa wengine. Alizunguka katika mistari ile ya viwanja akitafuta mwanamke mwenye mtoto mchanga. Alipompata, alimbembeleza mtu wa kiwanja cha jirani wabadilishane, naye akakubali. Miaka yote akisimulia habari hiyo alikuwa akisema, "Nilitafuta titi la pili." Alijua kwamba siku akienda shamba la mbali, au akiugua, mtoto atalia, na lazima pawe na titi jingine karibu.

Nililisikia simulizi hilo utotoni hadi nikalichoka. Wakati nilipolihitaji hasa, nilikuwa nimelisahau.

Mimi sikuhamishwa na mtu. Ni muuguzi, nilifanya mtihani wa Kiingereza, nikafanya ule wa kompyuta wa baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza, nikapata mwajiri. Tulipanda basi stendi ya Bweri alfajiri, tukapita Bunda kukiwa na ukungu, tukafika Mwanza, na siku ya pili yake tulikuwa angani. Miezi michache baadaye, Machi 2023, Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha mpya ya nchi 55 zenye uhaba mkubwa zaidi wa watumishi wa afya. Tanzania ilikuwamo. Kanuni za Uingereza zinakataza mawakala kwenda kuwatafuta wauguzi katika nchi hizo, lakini muuguzi anayeomba mwenyewe hazuiwi. Niliomba mwenyewe. Naijua wodi niliyoiacha, na najua wenzangu waliobaki wanahudumia vitanda vingapi usiku. Sitajitetea. Nalitaja kwa kuwa anayeeleza alikotua bila kutaja alikoondoka amesema nusu ya habari.

Mji wetu wa kwanza hatukuuchagua. Ulichaguliwa na mkataba. Ulikuwa mji mdogo katikati ya England, wenye watu wapole na nyumba zenye ukungu kwenye kona za kuta. Zamu yangu ilikuwa ya saa 12 na nusu. Mume wangu alipata kazi ya usiku kwenye ghala. England humpa kila mtoto wa miaka mitatu na minne saa 570 za chekechea kwa mwaka bila malipo, yaani saa 15 kwa wiki katika wiki 38. Zingine unalipa, na malipo yenyewe yalikuwa yanaumeza mshahara kama mamba. Kwa hiyo tukawa tunapokezana mtoto mlangoni: mmoja anavua koti, mwingine analivaa. Kwa wiki nzima tungeweza tusile meza moja, watu watatu wa nyumba moja.

Kwenye chekechea ya mji huo, binti yetu hakusema neno kwa miezi saba.

Walimu walikuwa wema, nataka hilo lijulikane. Walimwekea picha ya choo, picha ya maji, picha ya chakula, ili aonyeshe kwa kidole. Masikio yalipimwa, yakaonekana mazima. Nyumbani aliendelea kuongea, kisha hata nyumbani akaanza kunong'ona. Huyu ni mtoto aliyekuwa akigombana na kuku wa bibi yake mpaka majirani wa Kitaji wakamjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Nilijiuliza sana amepoteza nini, mpaka siku moja nikakumbuka neno "dada". Alipoanza kusema, dagaa ilimshinda ulimi, akaiita dada. Kwa bibi yake, ambaye maisha yake yote ameuza dagaa mwaloni Mwigobero, alikuwa akisema "dada" analetewa dagaa. Mama alijua, babu alijua, mwenye duka mkabala na nyumba alijua. Mtu mzima akihama anapoteza kazi, heshima na ladha ya sato wa jana usiku. Mtoto wa miaka mitatu anapoteza watu wote wanaojua maana ya maneno yake. Kwenye chekechea ile "dada" haikuleta kitu, naye akaacha kuomba.

Tukiwa katika hali hiyo, mlango nyuma yetu ulikuwa unafungwa. Kuanzia Januari 2024 wanafunzi wengi wa kigeni nchini Uingereza, isipokuwa wa shahada za utafiti, hawakuruhusiwa tena kuja na familia. Tarehe 11 Machi mwaka huo wahudumu wa matunzo, wale wanaowalea wazee na wagonjwa majumbani na katika nyumba za wazee, nao wakazuiwa kuja na watoto au wenza wao. Wauguzi hatukuguswa. Nina rafiki wa Bunda aliyekuja baada ya tarehe hiyo. Anawaogesha wazee, anawalisha kwa kijiko, anawashika mkono wanapoita majina ya mama zao usiku. Mwanawe wa miaka minne yuko kwa shangazi yake, na amekwisha kuanza kumwita shangazi mama. Serikali iliyomtaka mwanamke amnyanyue mzazi wa mwenzake kitandani, kisha ikamkataza kumleta mtoto wake mwenyewe, imefanya jambo baya. Sina namna laini ya kulisema.

Mwanzoni mwa 2024 mkataba wangu ulikaribia kwisha, na kwa mara ya kwanza tukawa na uwezo wa kuchagua. Uwezo wenyewe una kamba: viza inafungwa kwa mwajiri, na kubadili mji ni kumpata mwajiri mwingine atakayekubali kukudhamini. Palikuwa na nafasi London, Glasgow na Aberdeen. Mume wangu ni mtu wa hesabu. Alichora jedwali akalibandika kwenye friji: kodi ya nyumba, nauli, mshahara, umbali wa shule, idadi ya Watanzania tunaowafahamu.

London alikuwako mama mdogo, yule yule aliyekuwa mgongoni mwa bibi wakati wa Operesheni. Ana zaidi ya miaka hamsini sasa, na Jumapili nyumbani kwake kuna pilau, ugali wa udaga, na mtu wa kukuuliza umekonda kwa nini. Moyo wangu ulikuwa huko. Lakini vyumba viwili tu vingekula zaidi ya nusu ya mshahara wangu, na mama mdogo anaishi upande mwingine wa jiji, mwendo wa saa moja na nusu. Jamaa wa mbali kiasi hicho ni wa sikukuu. Glasgow kulikuwa na Watanzania, na Watanzania wakiwepo kuna harusi, misiba, vikao na michango, mambo yanayomchosha mtu na kumweka hai. Jedwali lilisema Glasgow. Aberdeen hatukumjua hata mtu mmoja. Mume wangu aliiandika mstari wa mwisho, na kwenye safu ya Watanzania akaweka sifuri. Kitu pekee kilichoipandisha, pamoja na Glasgow, ni kwamba Scotland inatoa saa 1,140 za chekechea kwa mwaka, mara mbili ya zile za England.

Nilikwenda Aberdeen kufanya usaili, na nilikwenda na mtoto kwa kuwa siku hiyo hapakuwa na wa kumwachia. Mhudumu mmoja wa mapokezi alikaa naye nilipokuwa ndani. Baada ya hapo tulikuwa na saa tatu za kusubiri treni, tukashuka mpaka ufukweni. Mji wa Aberdeen umejengwa kwa graniti ya kijivu, jiwe la jamii ile ile ya majabali yaliyobebana kando ya ziwa letu Musoma, ila huku limekatwa likapangwa. Nilikuwa nawaza hilo, nikitafuta namna ya kumweleza baba yake, niliposikia kelele.

"Mama! Ziwa!"

Alikuwa amepiga kelele hadharani, barabarani, mbele ya watu. Akaniponyoka mkono. Alikimbia mpaka kwenye maji, akachota kwa kiganja, akaonja, akageuka uso umekunjamana. "Wametia chumvi!" Kando yake palikuwa na mvulana wa rika lake mwenye ndoo ya njano, na binti yangu akamgeukia akamwambia yeye pia, kwa Kiswahili, kwamba maji haya yametiwa chumvi, asinywe. Yule mtoto hakuelewa hata neno. Akampa ndoo.

Mama wa yule mtoto alikuwa Mnaijeria, muuguzi kama mimi. Aberdeen ina Wanaijeria wengi, walioletwa na mafuta na vyuo vikuu. Tulizungumza kama wanavyozungumza wauguzi, yaani tuliulizana zamu kabla ya majina. Aliniambia mume wake anafanya kazi baharini, wiki tatu hayupo, wiki tatu yupo. Akaniambia fleti ya juu yao imetoka mpangaji. Ndipo sauti ya bibi iliponijia, wazi kabisa, miaka kumi na moja baada ya kuzikwa kwake: nilitafuta titi la pili.

Nilirudi nikamwambia mume wangu kwamba tunahamia Aberdeen. Alitazama friji, akanitazama mimi. Nikamweleza habari ya ndoo. Hakubisha, na kwa hilo nitamheshimu daima, maana hakuna safu ya jedwali inayobeba ndoo.

Sisemi Aberdeen ni bora kuliko Glasgow. Kuna familia zilizotulia Glasgow, na kuna watu ambao London imewalea vizuri kuliko walivyolelewa kwao. Ninachosema ni kwamba tulikuwa tumeuliza swali lisilofaa. Tulikuwa tunalinganisha miji, na mtoto mdogo haishi mjini. Anaishi kwenye ngazi za jengo, kwenye njia ya kwenda chekechea, kwenye mlango wa pili. Mji wake una upana wa watu wanne au watano. Wasipokuwepo hao, hata kama mji mzima ni wa ndugu zako, mtoto yuko nyikani.

Tangu Aprili 2024 mimi na jirani yangu tunapanga zamu zetu kwa pamoja, kalenda moja, ukutani kwake na ukutani kwangu. Yeye akiwa kazini mchana, wa kwake wanakula kwangu. Mimi nikiwa zamu ya usiku na mume wangu hayupo, binti yangu hulala kwao. Hakuna pesa inayopita kati yetu. Mwezi wa pili nilijaribu kumlipa, akakasirika kwa namna ambayo ningeitambua Musoma, na nikafurahi kukemewa. Binti yangu sasa anakula wali wenye pilipili ya Lagos bila kutoa machozi. Mvulana wa ndoo anajua kusema "shikamoo", ingawa anamwamkia hata paka.

Katika majira ya baridi ya kwanza, jioni zikiwa ndefu, nilianza kuwafikiria watoto wengine waliohamishwa, ambao wao waliletwa upande wetu. Mwaka 1934 wamisionari wa Kimenonite kutoka Pennsylvania, Marekani, walifika Shirati, kando ya ziwa kaskazini ya Musoma, kisha wakafungua vituo vingine, kikiwemo cha Bukiroba karibu na mjini. Walikuja na watoto, au walizaa wakiwa huko. Mwaka 1947 wakawaanzishia watoto hao shule yao wenyewe, Mara Hills, pale Nyabange. Mwaka 1967 shule ilihamia Nairobi, na leo inaitwa Rosslyn Academy. Utotoni nililisikia jambo hili likisimuliwa kwa uchungu: walikuja kutuambia sote ni watoto wa Mungu, kisha watoto wao wakawasomesha peke yao. Uchungu huo una haki yake. Lakini sasa ni mzazi niliye mbali na kwetu, na naijua ile hofu ya saa nane za usiku, kwamba mtoto huyu siku moja atarudi kwa bibi yake akiwa mgeni. Wazazi wale wa Pennsylvania walijenga ukuta ili watoto wasipotee. Hukumu yangu juu yao imelegea, haijafutika. Ukuta ule ulitunza Kiingereza chao, na ukawanyima watoto wetu na wao ndoo ya njano, angalau saa za masomo. Mmoja wa watoto wa wamisionari hao, David Shenk, aliyezaliwa Tanganyika mwaka 1937, alipokuwa mtu mzima hakwenda kukaa Pennsylvania tu. Alifundisha Somalia, akafundisha Kenya, akawa mwandishi anayejulikana kwa mazungumzo kati ya Wakristo na Waislamu. Sijui alitulia wapi moyoni, lakini sidhani palikuwa mahali pamoja.

Mwaka ule ule wa 1934, mtoto wa Butiama mwenye umri wa miaka kumi na miwili hivi aliletwa Musoma kuanza shule Mwisenge. Alikuja na Kizanaki, akakutana na Kiswahili. Miaka kumi na mitano baadaye, 1949, alikwenda Edinburgh, ambako kutoka kwetu Aberdeen ni saa mbili na nusu kwa treni. Tulimpeleka binti yetu huko, tukamwonyesha majengo ya chuo kikuu ambako Mwalimu alisoma hadi 1952. Aliuliza kama alikuja na mama yake. Nikasema hapana, alikuja peke yake. Mchumba wake, Mama Maria, alibaki nyumbani, na walioana mwaka 1953. Akafikiri. "Basi alikuwa hana wa kumshika mkono kuvuka." Nami niliwaza upande wa pili wa jambo hilo: aliyekwenda peke yake na kurudi peke yake hakuulizwa atue wapi. Swali hilo huja na mkono mdogo ulioushika.

Bibi wa ghorofa ya chini ya jengo letu amezaliwa kisiwa cha Lewis, na lugha yake ya kwanza ni Kigaeli. Sheria ya Elimu ya Scotland ya 1872 haikuipa lugha hiyo nafasi shuleni, na mama yake alikuwa akichapwa kwa kuisema. Leo stesheni za treni zimeandikwa majina kwa Kiingereza na Kigaeli, hata hapa Aberdeen, ambako wanaokisema ni wachache. Kuna sheria ya mwaka 2005 ya kukilinda, na kuna wazazi wasiokijua wanaopeleka watoto kukisomea. Alinieleza haya akichuja chai, bila hasira. Mimi ndiye niliyepandwa na hasira, kwa ajili yangu. Shuleni kwetu aliyesema Kijita, lugha yetu, alichapwa, nasi tuliokua tukaendeleza kazi ya fimbo kwa kuwasemesha wanetu Kiswahili tu, kisha Kiingereza tu. Waskoti wanatumia fedha nyingi kuirudisha lugha waliyoifukuza. Ya kwetu bado iko hai Kitaji, barazani kwa mama yangu, na haihitaji bajeti. Inahitaji simu.

Kwa hiyo Jumamosi na Jumatano, mama humsemesha mjukuu wake kwa Kijita. Mwanzoni mtoto alikuwa akijificha chini ya meza. Mama hakumwita. Aliendelea kueleza, kwa Kijita, dagaa wa leo wameuzwa bei gani, nani amekufa, nani ameoa, mwalo ulikuwaje, kana kwamba meza ndiyo mjukuu wake. Wiki ya tano meza ilijibu.

Tunauita ugenini ughaibuni, mahali pa ghaibu, pasipoonekana. Lakini neno ghibu, ndugu yake, lina maana nyingine: aliyesoma kwa ghibu amehifadhi moyoni, hana haja ya kutazama kitabu. Binti yangu hana kumbukumbu ya macho ya Musoma. Alikuwa mdogo mno, na picha zimechanganyika na zile za kwenye simu. Alichonacho amekisoma kwa ghibu: sauti ya bibi, majina ya samaki, namna ya kupokea kitu kwa mikono miwili. Sijui kama hicho kinatosha. Ndicho kinachoweza kubebwa.

Kuna uchaguzi mmoja ambao hatuwezi kumfanyia. Nilipokuja, muuguzi alikuwa akiomba kibali cha kudumu baada ya miaka 5. Mwaka 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kuifanya 10. Baada ya kibali, uraia. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Kwa hiyo mimi nikichukua pasi ya Uingereza ninaiacha ya kwetu, na yeye, kama atakuwa na zote mbili, Sheria ya Uraia ya 1995 inamtaka achague moja anapotimiza miaka 18. Mume wangu anasema tuchukue, maisha ni haya. Mimi pasi yangu ya Tanzania sitaiacha, nimelisema na nalirudia hapa. Ya kwake nitaitunza kwenye droo mpaka siku atakapoinyoshea mkono mwenyewe au kuikataa. Tulimhamisha mara moja bila kumuuliza. Mara ya pili hatutamhamisha sisi.

Mabegi tumeyashusha juu ya kabati. Moja amelifanya nyumba ya vikaragosi.

Julai ijayo, shule zikifungwa, tunakuja Kitaji kwa wiki sita. Tiketi zimelipwa. Mtakaomwona Mwigobero akimfuata bibi yake kati ya meza za dagaa, msimwite Mzungu, wala msimsemeshe Kiingereza cha kumpima. Mwamkieni kwa Kijita, kisha msubirini. Anachelewa kidogo, lakini anajibu.